Mzigo Una Mwenyewe: Jarida la Bandari na Watu wa Nyanda za Lubero

Kuwazungumzia watu wa milimani wa Butembo, Beni na Lubero, mashariki mwa Kongo, habari za jarida la kampuni ya bandari kunaweza kuonekana ni kupotea njia. Alimbongo iko kwenye mgongo wa milima ya Lubero, kando ya barabara kuu ya RN2 itokayo Butembo kwenda Kanyabayonga na Goma. Ikweta inapita jirani, kati ya Butembo na Lubero, lakini asubuhi watu huvaa makoti, ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na kabichi, na ngano hustawi kama iliyo katika nchi za baridi. Mizigo yetu mingi inashukia Mombasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700 kutoka hapa. Hata hivyo, ukiingia katika duka lolote la barabarani utakuta misumari, mabati, vitenge, paneli za sola, betri na vipuri vya pikipiki, na karibu vyote vimeshuka Kilindini, bandari ya Mombasa, vimepita Kampala na Kasese, vimevuka mpaka wa Kasindi na kupanda Beni hadi Butembo, kabla ya kutawanyika vijijini. Kwa mwendo wa miguu bandari iko mbali. Kwa mfuko wa mnunuzi iko mlangoni.

Nitakalolitetea ni jambo moja. Kampuni inayoishi kwa kupitisha mizigo, na yenye jarida lake, inapaswa kulitumia jarida hilo kuwatangaza watu walio mwisho wa njia yake: majina yao, mazao yao, ujuzi wao na shida zao, na ifanye hivyo kwa lugha wanayoisoma. Simaanishi sadaka. Namaanisha kazi ya biashara ambayo bandari yenyewe itapata faida kwayo, na ambayo sisi tuna haki ya kuidai kama wateja wanavyodai huduma waliyoilipia.

Majarida ya bandari duniani kote yanafanana. Jaladani kuna meli na winchi, ndani kuna mkurugenzi anakata utepe, na katikati kuna jedwali la tani. Sililaumu jedwali, mwenye meli hawezi kufanya kazi bila hilo. Mwaka 2024 Mombasa ilipitisha tani zaidi ya milioni 40, na makontena yapatayo milioni 2 kwa hesabu ya kontena la futi 20. Katika mizigo inayopita kwenda nchi za bara, Uganda peke yake inachukua zaidi ya nusu, kisha zinafuata nchi nyingine, na Kongo ni mstari mmoja. Ndani ya mstari huo yumo mwenye duka wa Butembo aliyeagiza bidhaa kutoka Guangzhou au Dubai, yumo wakala wake wa forodha, au wa duane kama tusemavyo huku, yumo dereva, na yumo mama wa Alimbongo aliyeuza magunia ya viazi ili anunue mabati kumi. Jedwali linajumlisha uzito wao. Halisemi wao wanatoa nini, na hapo ndipo hasara inapoanzia, kwao na kwa bandari pia.

Tuutazame uchumi wa lori moja. Linatoka Mombasa limejaa, na likishusha mzigo Butembo linatakiwa kurudi. Katika Ushoroba wote wa Kaskazini, njia ya mizigo itokayo Mombasa kwenda nchi za bara, mizigo inayopanda ni mingi kuliko inayoshuka, kwa hiyo makontena mengi hurudi pwani matupu. Lakini lori tupu linakunywa mafuta, linachakaza matairi, linalipa ada za barabara, na dereva wake anakula na kulala kama kawaida. Mwenye lori si mjinga: gharama ya lori kurudi tupu anaiweka katika bei ya kwenda. Maana yake ni kwamba bati analonunua mama wa Alimbongo limebeba bei mbili, bei ya kulileta bati na bei ya kurudisha hewa. Lori lilelile likipata kahawa, kakao au mbao za kushuka nazo, bei hiyo ya pili inaweza kupungua. Bandari nayo, badala ya kuinua kontena tupu kulipakia melini, itapata mzigo wa kuhifadhi, kupima na kusafirisha nje, kila hatua na malipo yake. Ndiyo maana nasema kuitangaza mikono inayolima huku ni biashara ya bandari. Mwenye lori hawezi kutafuta mzigo asioujua, na mnunuzi wa pwani hawezi kuagiza kitu ambacho hajawahi kusikia kuwa kipo.

Na kipo. Kahawa ya arabika inakua kwenye mitelemko ya Lubero na ya Rwenzori, na robusta katika mabonde ya Beni. Kakao ya Beni imeenea kiasi kwamba familia nyingi za huko zinaitegemea kwa ada ya shule. Maganda ya mti wa kinkina, ambamo hutolewa kwinini, yamekaushwa katika nyanda hizi kwa vizazi kadhaa. Kisha kuna papaini, ambayo nadhani watu wengi wa pwani wameitumia bila kujua ilikotoka. Mkulima huingia shambani mapema, wakati papai bichi bado lina utomvu mwingi, akiwa na kiwembe kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti. Anachora mistari myembamba juu ya ganda, bila kuzama mpaka nyama ya tunda, na maziwa meupe yanachuruzika hadi kwenye kitambaa kilichotandazwa kuzunguka shina. Utomvu unakusanywa, unakaushwa, unachambuliwa. Baadaye unga wake unalainisha nyama viwandani, unang'arisha bia na unaingia katika dawa. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi na kujua saa, na watu wa Beni wameifanya kwa miongo mingi. Sioni kwa nini jarida linalosifu winchi mpya lisimsifu mtu mwenye kijiti na kiwembe, maana winchi inasubiri anachokikusanya yeye.

Mtu atasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa kahawa na kakao yetu ni nzuri, wanunuzi watakuja wenyewe. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wanaonana, nyanya ziko juu ya meza na kila mtu anazibonyeza. Haiwezi kuwa ya kweli katika njia ya kilomita 1,700 yenye mpaka katikati. Kwenye njia ya namna hiyo kizuri hujiuza kweli, lakini kwa jina la mwingine. Ni jambo linalojulikana kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya kahawa na kakao ya upande huu imevuka mpaka bila hati na kuingia katika hesabu ya jirani. Sababu ziko nyingi, ushuru mzito na vizuizi barabarani vikiwa mbele. Matokeo ni kwamba mwonjaji wa kahawa kule ng'ambo anaisifia nchi nyingine, na mkulima wa hapa analipwa bei ya mzigo usio na kwao. Asiyekujua hakuthamini, methali hii ndiyo inayofaa kwa biashara ya mbali.

Ushahidi kwamba jina linaongeza thamani tunao karibu nasi. Wakulima wa kahawa wa mitelemko ya Rwenzori waliungana katika ushirika wa Kawa Kanzururu, wakaanza kuosha na kukausha kahawa yao pamoja, ili iuzwe ikijulikana ni ya nani na ya mlima gani. Pale Mutwanga, kando ya mbuga ya Virunga, kakao inageuzwa chokoleti, na chokoleti hiyo inauzwa Ulaya kwa jina la Virunga. Kakao yenyewe ni ileile iliyokuwa ikiondoka katika magunia bila jina. Kilichobadilika ni matengenezo, pamoja na habari inayofuatana na bidhaa: mnunuzi anajua mahali, anajua watu, na yuko tayari kulipia kujua huko. Kama ushirika mmoja na kiwanda kimoja vimeweza hivyo, kampuni inayozungumza na wenye meli wote wa Bahari ya Hindi ingeweza nini?

Wazo la kampuni ya uchukuzi kuwa na gazeti la watu si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, na shirika hilo lilikuwa na gazeti la wafanyakazi wake lililoitwa Sikio. Nalipenda jina hilo. Waliolichagua walikubali, angalau kwa neno, kwamba kampuni kubwa inahitaji kusikia kabla ya kusema. Lakini sikio hilo lilielekezwa ndani, kwa watu wa reli na wa gati. Mwaka 1956 reli ya shirika hilo ilifika Kasese, na hapo ndipo treni ya Mombasa ilipokaribia zaidi nchi yetu. Kutoka Kasese hadi mpaka wa Mpondwe na Kasindi si safari ya siku nzima. Reli hiyo ilifuata shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba ikateremka pwani, mgodi ukaja ukasimama, na baadaye njia yenyewe ikafa. Kwa miaka hiyo yote reli ilikuwa mlangoni kwa wakulima wa kahawa wa pande zote mbili za Rwenzori, Wakonzo kule na Wanande huku, watu wenye lugha moja na mpaka katikati. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja hufa pamoja na mzigo huo. Iliyowajua watu wengi wa kandokando yake ina sababu nyingi za kuishi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwetu wenyewe, Kongo. Nalo linasema: tumeshaona jarida la kampuni, na tumeona lilikotufikisha. Mwaka 1957 Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha jarida lake kwa wafanyakazi wa migodi ya shaba, likaitwa Mwana Shaba. Baada ya mali ya kampuni hiyo kuchukuliwa na serikali mwaka 1967 na kuzaliwa kwa shirika lililokuja kuitwa Gécamines, jarida liliendelea. Ndani yake waliandikwa mafundi hodari, ndoa, watoto waliozaliwa, timu za mpira, mashauri ya usafi wa nyumba. Watu waliliweka sebuleni. Ukitaka kuona sura za wafanyakazi wa Katanga wa wakati ule wakiwa wamesimama wima mbele ya kamera, na suti zao na fahari yao, jarida lile ni mahali pa kutazama.

Lakini liangalieni jina. Aliyeandikwa mle ni mwana, na baba yake ni kampuni. Baba alitoa nyumba, posho ya unga, hospitali, shule, na katika jarida alitoa pia sifa. Mwana alitakiwa kuwa mtiifu. Jarida halikuwa na ukurasa wa mwana kumuuliza baba hesabu za shaba, na ingawa jina lilikuwa la Kiswahili, sehemu kubwa ya maandishi ilikuwa ya Kifaransa. Kisha baba akaugua. Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa Gécamines ulianguka, mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikwishatoa mwaka 2001 kitabu cha Kifaransa ambacho jina lake lenyewe linawaita watu hao wana wa shaba walioachwa na baba yao. Hakuna toleo la jarida lililowaandaa kwa siku hiyo, kwa sababu miaka yote lilikuwa limewafundisha kujiona watoto.

Nalikubali pingamizi hilo kwa uzito wake wote, na bado sirudi nyuma. Kosa la Mwana Shaba halikuwa kuwaandika watu. Lilikuwa kuwaandika kama mali ya nyumba. Mchimbaji wa Katanga alikuwa anakula mkononi mwa kampuni: alilala kwake, alitibiwa kwake, aliajiriwa kwake. Mkulima wa Alimbongo hali mkononi mwa bandari yoyote. Shamba ni lake au la ukoo wake, jembe ni lake, na mfanyabiashara wa Butembo alijenga ghala lake kwa mtaji wake katika nchi ambayo kwa miongo mingi serikali haikumletea hata umeme wa kuaminika. Mji wa Butembo umejengwa na wenyeji wake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko kwa michango ya watu wa hapa. Watu wa namna hiyo hawawezi kuitwa wana wa bandari. Ni wenye mzigo, na mwenye mzigo akiandikwa katika jarida la mchukuzi anaandikwa kama mshirika, mwenye haki ya kusifiwa na haki ya kulalamika.

Haki hiyo ya kulalamika ndiyo kipimo changu. Jarida litakaloandika uzuri wa kakao ya Beni bila kuandika siku ambazo kontena linakaa bandarini likisubiri hati, ada zinazoongezeka kila siku ya kuchelewa, na idadi ya mikono inayotaka kitu kati ya Kasindi na Butembo, litakuwa limepamba ukuta wenye ufa. Hata bandari haitanufaika. Msomaji aliyekaa wiki tatu akifuatilia mzigo wake ataona sifa tupu na kulitupa. Akikuta shida yake imeandikwa na jibu la afisa anayehusika limechapwa chini yake, ataamini pia ukurasa unaomwambia kuna mnunuzi wa kinkina.

Wengine watauliza: hiyo bandari ni ya Wakenya, au ya Watanzania, kwa nini iwapigie debe Wakongomani? Historia inatusaidia hapa. Mwaka 1921 Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, iliafikiana na Uingereza kupata maeneo yake maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi. Yaliitwa Belbase, na kodi yake ilikuwa franga moja kwa mwaka. Mpango ule ulikuwa wa wakoloni, na ulijali bidhaa kuliko watu, lakini unaonyesha kwamba nchi ya bara kuwa na sauti kwenye gati ya pwani si ndoto iliyozuka jana. Leo sauti hiyo ina misingi mingine. Kongo iliingia katika mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini mwaka 1987, na mwaka 2022 ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zaidi ya mikataba kuna ushindani. Mombasa na Dar es Salaam zinagombea mizigo ya Kongo, kila moja ikituma wajumbe wake kwa wafanyabiashara wa bara. Anayegombewa asijifanye ombaomba. Barabara nazo zinaelekea upande huo: Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walizindua kazi ya kutengeneza Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, pamoja na ile ya Bunagana hadi Goma.

Kuna lugha pia, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yanapoonekana kwa macho. Mzigo ukitoka Kilindini hati zake zimeandikwa kwa Kiingereza, na zinabaki hivyo Kenya yote na Uganda yote. Ukivuka mto Lubiriha pale mpakani, hati zinageuka Kifaransa: fomu mpya, mihuri mipya, majina mapya ya vitu vilevile. Mwenye kulipia ugeuzaji huo ni mteja. Lakini wasikilizeni watu walioshika hati hizo. Kuli wa Mombasa, dereva, wakala wa Mpondwe, mtu wa duane wa Kasindi, mwenye lori la Fuso wa Beni, mwenye duka wa Butembo na muuza viazi wa Alimbongo, wote wanaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Karatasi ina lugha mbili, na njia ina moja. Jarida la bandari kwa Kiingereza linamfikia mwenye meli, na ni sawa limfikie. Kwa Kiswahili lingewafikia wote waliobeba mzigo kwa mikono yao, na Jumuiya yenyewe imekwisha kukikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Mtaniuliza kuhusu vita, na mna haki. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamezika ndugu zao wakati wa mavuno. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika majimbo yetu. Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo yenyewe, na barabara iliyokuwa ikishusha mboga ikawa barabara ya wakimbizi. Kuna faida gani kuzungumzia fursa mahali ambapo mtu hajui kama atalala nyumbani? Najibu kwamba habari za vita na Ebola ndizo peke yake zilizofika pwani, na zina bei. Mwenye lori anayeijua Beni kwa vifo tu atadai nauli ya hofu, na mwenye bima vilevile, hata katika miezi ambayo njia inapitika na maghala yana kakao. Jarida haliwezi kusimamisha risasi, wala lisijaribu kuzificha. Linaweza kusema ni sehemu gani ya njia iko wazi, ipi imefungwa, na kwamba nyuma ya jina linaloogofya kuna watu wanaoendelea kulima, kupima na kulipa madeni. Ukweli kamili unashusha bei kuliko nusu ya ukweli.

Kwa wanaosema redio na simu zinatosha, nitasema kidogo. Redio Moto inasikika na inafanya kazi kubwa, na bei za soko zinaenda haraka kwa WhatsApp. Lakini mnunuzi wa papaini aliye Mombasa haisikilizi redio ya Butembo, na ujumbe wa simu umekwisha kuzikwa na mwingine kabla ya jioni. Karatasi yenye jina la kampuni inayojulikana inakaa mezani ofisini, na mtu anaweza kuionyesha benki.

Nimebakiza jambo gumu, na sitalikwepa. Viazi vya Alimbongo havitafika baharini, wala havihitaji kufika. Walaji wake wako Butembo, Goma na Kisangani, na kuna wakati mboga za nyanda hizi zilipandishwa ndege hadi Kinshasa. Ngano ndiyo yenye mtihani. Nyanda za Lubero zinaotesha ngano, na papo hapo mikate ya mijini kwetu inaokwa kwa unga ulioshuka melini. Kila gunia la ngano ya hapa litakalochukua nafasi ya unga wa nje litaipunguzia bandari tani. Je, jarida la bandari litamtangaza mkulima wa ngano wa Alimbongo? Jarida la kubembeleza halitamgusa. La kweli litamwandika, kwa sababu mkulima aliyeuza ngano yake atanunua mabati, pikipiki na mashine ya kusagia, na hivyo vyote vinashukia gatini. Kampuni inayoona mbali kiasi hicho ndiyo inayostahili kuitwa mshirika wa nchi ya bara, na nisingependa tushirikiane na ile isiyoona.

Namna ya kuanza haihitaji fedha nyingi. Toleo la kurasa 16 linatosha: nauli za mwezi kutoka Mombasa hadi Butembo, ada za kila kituo kama zilivyo kisheria, ili mtu ajue anapotozwa kupita kiasi, ushirika mmoja wa kahawa au kakao pamoja na kiasi unachoweza kutoa na msimu wake, fundi mmoja wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) akielezea mti anaouchagua kwa gurudumu, malalamiko matano na majibu yake. Waandishi wawe wa hapa, vijana wa vyuo vya Butembo na Beni, walipwe kwa kazi yao kama anavyolipwa mpiga picha wa pwani. Usambazaji upo tayari, maana malori yanapanda kila siku: kila dereva akabidhiwe bunda pamoja na hati za mzigo, ashushe nakala Kasindi, Beni na Butembo, na kutoka hapo pikipiki na chukudu zinajua njia kwenda Lubero, na Alimbongo pia barabara ikiwa wazi. Na ukurasa wa mwisho uachwe na mistari mitupu, msomaji aandike ana nini cha kuuza, magunia mangapi na mwezi gani, aukate, ampe dereva yuleyule anayegeuza lori kurudi Mombasa.